Sinema za Anga za Juu na Sheria za Fizikia

Mwanafunzi akiulizwa kwa nini mwanaanga huelea ndani ya chombo chake, aghalabu hujibu kwamba huko juu hakuna kani ya mvutano. Jibu hili hakulisoma katika kitabu cha fizikia. Alilipata kwa macho yake katika sinema: aliona watu wakielea, kalamu zikipinduka hewani, maji yakijikusanya kuwa matone ya mviringo, naye akakata shauri kwamba mvuto wa Dunia umekoma. Jibu hilo si kweli. Kama mvuto ungalikoma kilometa mia chache tu juu ya vichwa vyetu, Mwezi usingalibaki kuizunguka Dunia.

Sinema za kubuni zinazohusu safari za anga hupendwa sana na vijana, wala hakuna haja ya kuzikataza au kuzidharau. Linalotakiwa ni mtazamaji kuzoea kuitazama sinema mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya hadithi, na mara ya pili akiwa na kalamu na karatasi. Makala haya yanazichukua baadhi ya sinema hizo na kuonyesha jinsi zinavyoweza kugeuzwa kuwa masomo ya fizikia ya shule ya sekondari.

1. Mzinga na roketi

Mwaka 1902 Mfaransa Georges Méliès alitoa sinema fupi iitwayo Le Voyage dans la Lune, yaani Safari ya Mwezini. Wasafiri wake wanaingia ndani ya risasi kubwa, nao wanafyatuliwa kwa mzinga hadi Mwezini. Wazo la mzinga lilikuwa limekwisha kutolewa na Jules Verne katika riwaya yake ya mwaka 1865. Mzinga wa Verne ulikuwa na urefu wa futi 900, karibu mita 274.

Na tupige hesabu. Kitu kisichosukumwa tena njiani hakiwezi kuiacha Dunia kabisa ila kikiondoka kwa kasi ipatayo kilometa 11.2 kwa sekunde. Risasi yetu inaanza na kasi sifuri, na yapasa ifikie kasi hiyo ndani ya mita 274. Kwa kanuni v² = 2as, mchapuko wake, yaani kiasi ambacho kasi huongezeka kila sekunde, ni karibu mita 229,000 kwa sekunde kwa sekunde. Mchapuko wa jiwe linaloanguka hapa duniani ni 9.8 tu. Kwa hiyo abiria wa kilo 60 angalikandamizwa sakafuni kana kwamba ana uzito wa tani 1,400. Wasafiri wa Méliès wasingaliuona Mwezi.

Roketi huepuka balaa hili kwa sababu husukuma kwa dakika nyingi badala ya kusukuma kwa mara moja. Mwaka 1929 Fritz Lang alitoa nchini Ujerumani sinema iitwayo Frau im Mond, yaani Mwanamke Mwezini. Mshauri wake alikuwa Hermann Oberth, mmoja wa waasisi wa elimu ya roketi. Humo mzinga umetoweka. Iko roketi ya hatua kadhaa, ambayo kila hatua ikiisha mafuta hutupwa ili kupunguza mzigo. Sekunde zinahesabiwa kinyumenyume kabla ya kuruka, kama ilivyokuja kuwa desturi ya warushaji wa roketi za kweli. Hata hivyo, sinema hiyo hiyo inawaonyesha wasafiri wakivuta hewa Mwezini bila vazi la kujikinga. Basi sinema haihukumiwi kwa jumla. Kila tukio hupimwa peke yake.

2. Kuelea si kukosa mvuto

Turudi kwa mwanafunzi wetu. Sinema iitwayo Gravity, iliyoongozwa na Alfonso Cuarón na kutolewa mwaka 2013, inawaonyesha wanaanga wakielea karibu na Kituo cha Kimataifa cha Anga. Kituo hicho huizunguka Dunia kwa kimo cha kilometa 400 hivi. Nusu kipenyo cha Dunia ni kilometa 6,370, na mvuto hupungua kwa kadiri ya mraba wa umbali kutoka kitovu cha Dunia. Kwa hiyo tunagawa 6,370 kwa 6,770, tunapata mraba wa jawabu, kisha tunazidisha kwa 9.8. Tunapata karibu 8.7. Maana yake ni kwamba asilimia 89 ya mvuto tulio nao hapa chini ipo huko juu pia.

Kwa nini basi watu huelea? Kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja. Chombo kinakwenda mbele kwa kasi ya kilometa 7.7 kwa sekunde, na kadiri kinavyoanguka ndivyo uso wa Dunia unavyopinda na kukikwepa. Sakafu haimsukumi mwanaanga kutoka chini, kwa maana nayo inaanguka sawasawa naye.

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani kwa kopo tupu la maziwa. Litobolewe tundu karibu na kitako, lijazwe maji, na tundu lizibwe kwa kidole. Kidole kikiondolewa, maji hutoka kwa nguvu. Lakini kopo likiachiliwa lianguke kutoka juu ya meza au dirishani, maji huacha kutoka muda wote wa kuanguka. Mvuto haukukoma. Ni maji na kopo vilivyokuwa vikianguka pamoja, maji yasilikandamize kopo.

Katika sinema hiyo liko tukio la kusisimua. Mwanaanga mmoja ananing'inia kwenye kamba iliyoshikwa na mwenzake. Kamba imekwisha kukaza na wote wawili wametulia. Naye anajifungua ili mwenzake apone, kisha anakwenda zake mbali kama mtu aliyetumbukia shimoni. Mwalimu na aulize: ni kani gani iliyomvuta? Ikiwa wametulia kwa kulinganisha na kituo, na hakuna mzunguko wowote, basi mvuto wa Dunia unawachukua wote kwa mchapuko karibu ule ule, na haumtengi mmoja na mwenzake. Kuivuta kamba kidogo tu kungalitosha kumrudisha. Kwa sheria za Newton, kifo kile hakikuwa cha lazima.

3. Gurudumu linalozunguka

Mwaka 1968, mwaka mmoja na miezi kadhaa kabla ya watu kutua Mwezini, ilitolewa 2001: A Space Odyssey. Iliongozwa na Stanley Kubrick, naye aliiandika pamoja na Arthur C. Clarke. Ndani ya chombo kiendacho sayari ya Mshtarii wanaanga wanatembea, tena mmoja anakimbia, katika ukuta wa ndani wa gurudumu linalozunguka. Kwa ajili ya kupigia picha hizo lilijengwa gurudumu la kweli nchini Uingereza, lenye kipenyo cha futi 38, yaani nusu kipenyo cha mita 5.8.

Wazo lenyewe ni sahihi. Mtu aliye ndani ya gurudumu hupenda kwenda mbele kwa mstari ulionyooka, na ukuta humlazimisha kupinda. Msukumo huo wa ukuta huuhisi nyayoni kama uzito. Mchapuko wake ni 4π²r/T², ambapo r ni nusu kipenyo na T ni muda wa mzunguko mmoja. Ili kupata 9.8 katika gurudumu la mita 5.8, yabidi lizunguke mara moja kwa kila sekunde 4.8. Hapo yazuka tatizo. Kichwa cha mtu mwenye kimo cha mita 1.7 kiko mita 4.1 tu kutoka kitovu, hivyo kichwani kuna asilimia 71 tu ya mchapuko ulioko nyayoni, na kila ageuzapo kichwa huenda akashikwa na kizunguzungu. Gurudumu kubwa halina shida hiyo. Lenye nusu kipenyo cha mita 150, likizunguka mara moja kwa dakika, hutoa mchapuko wa 1.6, ambao ni sawa na wa Mwezini.

Hata sinema hii makini ina kosa dogo. Abiria aendaye Mwezini ananyonya chakula cha majimaji kwa mrija, na anapoacha kunyonya chakula kinateremka tena mrijani, ingawa kila kitu kingine kinaelea.

4. Ukimya na ombwe

Sauti haisafiri pasipo kitu cha kuichukua. Jaribio la kengele iliyomo ndani ya chupa ya kioo, ambamo hewa hutolewa kwa pampu, linajulikana shuleni: kengele huonekana ikipigwa, lakini haisikiki. Katika Star Wars ya mwaka 1977, kazi ya George Lucas, vyombo hulipuka kwa kishindo kikubwa katikati ya ombwe. Katika sinema ya Kubrick, nje ya chombo ni kimya, isipokuwa muziki au pumzi za mwanaanga ndani ya kofia yake. Yafaa kuwauliza wanafunzi ni ipi iliyoonekana ya kawaida zaidi. Wengi watataja ile yenye makosa, kwa kuwa masikio yetu yamelelewa ndani ya hewa.

Kosa jingine la sinema nyingi ni kuonyesha kwamba mtu akikosa vazi lake hupasuka papo hapo. Mwaka 1966 fundi mmoja aliyekuwa akijaribu vazi la anga katika chumba cha ombwe huko Houston, Marekani, alipotewa na hewa ya vazi lake. Alizirai baada ya sekunde zipatazo 14, akarudishiwa hewa upesi, akapona. Kubrick alikuwa sahihi kumwonyesha mwanaanga akivuka ombwe bila kofia kwa sekunde chache. Ila mwanaanga huyo anaonekana kama aliyebana pumzi, na hilo lingalikuwa hatari, kwa sababu hewa inayotanuka ingaliweza kuyapasua mapafu yake.

5. Dhoruba ya Mirihi

Sinema The Martian ya mwaka 2015, iliyoongozwa na Ridley Scott, inaanza kwa dhoruba inayowakimbiza wasafiri kutoka sayari ya Mirihi. Meta ya ujazo ya hewa ya Mirihi ina takriban gramu 20, ilhali ya kwetu ina gramu 1,200. Hewa hiyo ni nyepesi mara 60, na kani ya upepo hufuata wingi wa hewa na mraba wa kasi. Basi upepo mkali wa Mirihi wa mita 30 kwa sekunde husukuma kama upepo wa kwetu wenye kasi ya 30 kugawanya kwa kipeo cha pili cha 60, yaani mita 3.9 kwa sekunde. Huo ni upepo wa kupeperusha nguo kwenye kamba. Andy Weir, mwandishi wa riwaya iliyozaa sinema hiyo, alikiri kwamba alifanya hivyo kwa ajili ya hadithi.

6. Shimo jeusi

Si kila ajabu ya sinema ni kosa. Interstellar ya mwaka 2014, iliyoongozwa na Christopher Nolan, inaonyesha sayari iliyo karibu na shimo jeusi, ambako saa moja ni sawa na miaka saba ya Dunia. Jambo hilo lachekesha, lakini limetokana na nadharia aliyoikamilisha Einstein mwaka 1915: penye mvuto mkubwa, wakati huenda polepole. Mshauri wa sinema hiyo alikuwa Kip Thorne, aliyepata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2017. Picha ya shimo lenyewe ilichorwa na kompyuta kwa kufuata milinganyo yake.

Afrika Mashariki inalo fungu katika habari hii. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililokuwa baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Uhuru. Ilipima eksirei zitokazo angani, na vipimo vyake vya Cygnus X-1 vilikuwa miongoni mwa ushahidi wa mwanzo wa kwamba mashimo meusi yapo kweli.

Mwezi wa Aprili 2019 wanasayansi walitoa picha ya kwanza ya kivuli cha shimo jeusi, lililo katikati ya galaksi ya M87. Upande mmoja wa pete yake unang'aa kuliko mwingine, kwa sababu mata ijayo kwetu hung'aa kuliko iendayo mbali. Watengenezaji wa Interstellar walijua hivyo, lakini waliiacha tofauti hiyo ili watazamaji wasichanganyikiwe.

Mazoezi

Shule isiyo na chombo cha kuonyeshea sinema yaweza kusimuliwa tukio moja tu, na wanafunzi wakalipima kwa hesabu.

(a) Mwezi uko kilometa 384,000 kutoka kitovu cha Dunia. Tafuta mchapuko wa mvuto wa Dunia huko. Je, ni sifuri?
(b) Gurudumu lina nusu kipenyo cha mita 100. Lizunguke kwa muda gani ili mtu ahisi uzito wake wa kawaida?
(c) Katika sinema fulani mlipuko ulio umbali wa kilometa 3 angani unaonekana na kusikika kwa wakati mmoja. Taja makosa mawili.

Majibu: (a) Karibu 0.0027, si sifuri, na kiasi hicho kidogo ndicho kinachoushika Mwezi. (b) Karibu sekunde 20. (c) Katika ombwe hakuna sauti; na hata kama hewa ingalikuwapo, sauti ingalichelewa kwa sekunde 9 hivi.