MAANA YA MTU KUJIITA MJAMAA

Jina ni dai, na kila dai lataka ushahidi. Ajiitaye fundi wa majahazi huonyeshwa mbao na msumeno. Ajiitaye mwanachuoni huulizwa mas-ala. Lakini yako majina ambayo watu huyavaa wala wasiulizwe neno, na mojawapo ni hili la ujamaa. Kuna aliyejiita mjamaa kwa kuwa chama chake kilijiita hivyo. Kuna aliyejiita kwa chuki ya matajiri. Na kuna aliyelikimbia jina hilo kwa kudhani kuwa ni kumkana Mwenyezi Mungu. Basi yapasa kubainisha maana yake, na masharti yamlazimuyo mwenye kulichukua.

ASILI YA NENO

Wazungu huita jambo hili usoshalisti, na jina hilo lilienea Ulaya katika miaka ya 1820 na 1830. Zama hizo mashine za mvuke zilikuwa zimekwisha kuenea, na wanaume, wanawake na hatta watoto walifanya kazi mchana kutwa katika viwanda ambavyo hawakuwa na fungu ndani yake. Waarabu huita ishtirakiya, kutokana na kushirikiana. Waswahili wakaita ujamaa. Na neno jamaa lina asili moja na jamii, jumuiya na Ijumaa, nayo ni kukusanyika.

Maana yake ni kwamba njia kubwa za kutafutia riziki, kama ardhi, viwanda na mabenki, ziwe mikononi mwa watu wote, na faida yake iwarudie wafanyao kazi, asiwepo mtu aishiye kwa jasho la mwenziwe. Wajamaa wamekhitilafiana katika njia: wengine hutaka serikali ishike mali hizo, wengine hutaka vyama vya ushirika, wengine hutaka kura, wengine mapinduzi. Ama katika asili hiyo, wote ni wamoja.

MAMBO MATATU YASIYOKUWA UJAMAA

La kwanza ni sadaka. Mwenye shamba awafuturishaye wakulima wake kila Ramadhani amefanya jambo jema, na ujira wake uko kwa Mola wake. Lakini shamba bado ni lake, na mavuno ni yake. Sadaka huuliza: Ni nani mwenye njaa leo? Ujamaa huuliza: Kwa nini aliyelima ndiye mwenye njaa? Zaka nayo ni faradhi yenye kiasi chake na watu wake wa kupewa. Aitoaye hawi mjamaa kwa kuitoa, wala mjamaa hasamehewi zaka kwa ujamaa wake.

La pili ni husuda. Maskini amchukiaye tajiri kwa kuwa yeye hakupata kiti kile si mjamaa. Ni tajiri ambaye hajapata mali. Julius Nyerere alilieleza jambo hili mwaka 1962 katika kijitabu chake kuhusu ujamaa: alisema kuwa ujamaa ni hali ya moyo, na kwamba hata fukara aweza kuwa na nia ya kuwanyonya wenziwe.

La tatu ni kukana dini. Ni kweli kwamba wengi katika wafuasi wa Karl Marx waliikana dini, na serikali ya Albania ilifunga misikiti na makanisa mwaka 1967. Lakini Nyerere mwenyewe alikuwa Mkatoliki mwenye kusali. Na katika nchi ya Sham, Mustafa al-Sibai alitoa kitabu mwaka 1959 juu ya ishtirakiya ya Uislamu. Wanavyuoni wengine wakampinga kwa hoja kwamba sharia huilinda mali iliyochumwa kwa halali. Khitilafu hiyo ni ya haki ya mali, nayo yastahili kujadiliwa kwa elimu. Si khitilafu ya kuwapo kwa Mungu.

MFANO WA TANZANIA

Atakaye kuona jina hili likipewa masharti na alitazame Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967. Siku chache baadaye mabenki yalitwaliwa na serikali. Lakini sehemu iliyowauma wakubwa ilikuwa nyingine, nayo ni masharti ya viongozi. Kiongozi wa TANU au wa serikali alitakiwa awe mkulima au mfanyakazi. Asiwe na hisa katika kampuni yoyote. Asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari. Asipokee mishahara miwili au zaidi. Wala asiwe na nyumba ya kupangisha. Na ili isipatikane hila ya kuandikisha mali kwa jina la mke, Azimio lilimhesabu kiongozi pamoja na mkewe, au mumewe ikiwa kiongozi ni mwanamke.

Hapa ndipo ilipo maana ya neno. Azimio halikuanza kwa kumwuliza mnyonge atatoa nini. Lilimwuliza mkubwa ataacha nini.

Lakini insafu yataka kutaja na upande wa pili. Mwaka 1971 sheria ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na jengo lililopita umri wa miaka kumi halikulipiwa fidia. Wako waliokuwa wamejenga kwa jasho lao wenyewe, wakaona haki yao imepotea. Karibu na Songea, watu wa Litowa na vijiji vilivyoungana nao walikuwa wakilima pamoja kwa khiari yao, na kukata shauri katika mikutano yao wenyewe; jumuiya yao ikavunjwa na chama mwaka 1969. Kisha mwaka 1973 ikaamriwa kwamba watu wote wa mashamba wahamie vijijini kabla ya kwisha mwaka 1976, na mahali pengine walihamishwa kwa nguvu. Basi waliokuwa wajamaa kwa vitendo walivunjiwa jumuiya yao na wenye jina, na wasiotaka wakalazimishwa jina. Shirika lisilo ridhaa si shirika.

Mwaka 1991 chama cha CCM, katika kikao kilichofanyika Zanzibar, kililegeza masharti yale. Mwanachama akaruhusiwa hisa, mshahara zaidi ya mmoja, na nyumba za kupangisha. Lakini jina halikuondolewa: Katiba ya Jamhuri ya Muungano hatta leo yaitaja nchi kuwa ni ya kijamaa. Masharti yamekwenda, jina limebaki; kama kanzu iliyoangikwa ukutani, na mwenyewe hayumo ndani yake.

KHATIMA

Basi ajiitaye mjamaa na ajiulize mambo manne. Kwanza: katika kazi iliyo chini ya mkono wake, faida humwendea nani? Pili: wafanyao kazi hiyo wana kauli, au huamriwa tu? Tatu: yeye mwenyewe ameacha nini ambacho angaliweza kukishika? Nne: yale awatakiayo wengine kwa lazima, angeyaridhia yakimfika yeye na watoto wake? Akiweza kujibu bila ya kuinamisha kichwa, jina ni lake. Akishindwa, ana jina tu.

Wala si aibu kwa mtu kuliacha jina hili. Mfanya biashara asiyepunja mizani, alipaye ujira kwa wakati wake na kutoa zaka ya mali yake, ni bora kuliko mwenye kuhubiri usawa barazani na hali mtumishi wake hajalipwa miezi miwili. Aibu ni kulitaka jina kwa heshima yake na kuyakimbia masharti yake. Na kwa Mwenyezi Mungu iko taufiki.