SOMO LA KARAKANA: KIFAA CHA KUPIMIA KIMO CHA KISU CHA MASHINE YA MILINGI



Visu vilivyovunjika na vipuri vilivyochongwa kupita kiasi ni fedha ya wanachama, ijapokuwa havionekani katika daftari la benki. Chanzo kimoja cha hasara hiyo ni fundi kukisia mahali ncha ya kisu inapogusa chuma. Somo hili laeleza kifaa rahisi cha kuondoa kukisia huko.

Vitu vinavyohitajiwa: kipande cha chuma cha duara chenye upana wa milimita 30 hivi, kipande cha plastiki ngumu cha upana huo huo, gundi imara, betri mbili za tochi, balbu yake, waya na kibanio.

Utengenezaji: Gundisheni chuma juu ya plastiki. Gundi ikikauka, sawazisheni nyuso za juu na chini zilingane. Ndipo mpime kimo chote kwa mikromita, wala si kabla, kwa kuwa gundi nayo ina unene. Tuseme ni milimita 20.00, andikeni tarakimu hiyo ubavuni. Waya mmoja utoke katika chuma, upitie betri na balbu, uishie kwenye kibanio. Umeme wa ukutani usitumiwe kamwe.

Matumizi: Zimeni mashine. Futeni mafuta na vumbi, wekeni kifaa juu ya kazi, na baneni kibanio kwenye kisu. Kwanza gusisheni waya mwingine kati ya kisu na chuma cha kifaa: balbu isipowaka, msiendelee, maana betri iliyokwisha haitawaonya. Kisha pandisheni meza polepole. Balbu iwakapo, simamisheni na wekeni duara la vipimo kwenye sifuri. Teremsheni meza, ondoeni kifaa na kibanio.

Sasa hesabu. Meza ikipanda milimita 20.00 kutoka sifuri, kisu kitagusa uso wa kazi. Mkitaka kuchonga kina cha milimita 0.50, jumla ni 20.50. Mfikie kipimo kwa kupandisha daima. Mkikipita, teremsheni mzunguko mzima ndipo mpandishe tena, kwa sababu skrubu huwa na ulegevu.

Jaribio: Rudieni kugusa mara tano. Majibu yakitofautiana kwa zaidi ya milimita 0.02, tafuteni uchafu au gundi iliyoachia kabla ya kukiamini kifaa.

Kwa Makatibu: kifaa hiki kiandikwe katika daftari la vifaa pamoja na kimo chake, na kimo kipimwe upya kila ghala linapohesabiwa. Kifaa chenye tarakimu ya uongo hudhuru kuliko kutokuwa nacho, kwani fundi hukitii bila shaka.

Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini kimo hupimwa baada ya gundi kukauka?
2. Kimo ni 18.40 na kina kinachotakiwa ni 0.75. Meza ipande kiasi gani kutoka sifuri?
3. Katika chama chenu, ni nani anayeandika visu vilivyovunjika, na katika daftari gani?

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika