Mizania ya Damu Ndani ya Kompyuta

Muuguzi wa wodi anaponukuu katika chati maji aliyopewa mgonjwa na mkojo uliotoka, hufanya hesabu ambayo wataalamu wa mwendo wa majimaji nao huitegemea: kiingiacho kilingane na kitokacho, na tofauti ielezwe ilipokwenda. Hesabu hiyo sasa imeingia katika tiba ya moyo. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani iliruhusu programu inayotumia picha za CT kukokotoa mtiririko wa damu katika ateri zinazolisha moyo, pasipo kupitisha waya ndani ya mshipa. Kinachotafutwa ni uwiano: shinikizo baada ya sehemu iliyosinyaa, likigawanywa kwa shinikizo la aota wakati mtiririko uko juu kabisa. Ukiwa 0.80 au chini ya hapo, daktari hufikiria stenti au upasuaji.

Kompyuta huigawa ateri katika visanduku vidogo vingi mno, ikakisia kasi na shinikizo katika kila kimoja, kisha ikasahihisha makisio hayo duru baada ya duru. Kasoro inayobaki katika mlinganyo huitwa salio. Kwa mazoea, hesabu husimamishwa salio linapofikia sehemu moja kwa elfu ya lilivyokuwa mwanzoni. Kigezo hicho ni dhaifu kuliko kinavyoonekana. Makisio ya mwanzo yakiwa mabaya sana, salio hushuka mara elfu kwa urahisi ilhali jibu bado ni changa. Tena, upungufu mdogo wa kisanduku kimoja, ukielemea upande uleule katika visanduku milioni, hujumlika.

Chukua mfano wa kubuni. Shinikizo la aota ni milimita 90 za zebaki, na baada ya msinyao ni 71. Uwiano ni 0.79. Tuseme hesabu imesimamishwa mapema, na asilimia 6 ya damu imepotea kimahesabu kabla ya kufika kwenye msinyao. Iwapo anguko la shinikizo hufuata kipeo cha pili cha mtiririko, kama ilivyo kwa sehemu kubwa katika msinyao mkali, litapungua kutoka 19 hadi karibu 17. Uwiano utasomeka 0.81, na mgonjwa aliyestahili kutibiwa ataambiwa mshipa wake hauna tatizo kubwa.

Kwa hiyo mkokotoaji makini hujumlisha damu iliyoingia na iliyotoka katika matawi yote, na huendelea hadi uwiano wenyewe uache kubadilika. Kuta za ateri zikichukuliwa kuwa zinatanuka, tofauti ya muda mfupi ni halali: ni damu iliyohifadhiwa mshipani, kama maji yaliyobaki mwilini mwa mgonjwa wa chati.

Hata hivyo, mizania kamili haithibitishi usahihi. Visanduku vikubwa mno vyaweza kulinganisha damu yote na bado vikakosea shinikizo. Mamlaka hiyohiyo ya Marekani ilipowapa wataalamu bomba sahili lenye koo la milimita 4, timu 28 zilileta majibu yaliyotofautiana sana, ingawa umbo lilikuwa moja kwa wote. Ateri ya mgonjwa ni ngumu zaidi, na umbo lake hutegemea ubora wa picha. Uwiano uliokokotolewa ukiwa karibu na 0.80, daktari bingwa anaweza kuagiza kipimo cha waya ulioepukwa mwanzoni.