NYAMA AU MAHARAGE?

Wengi wetu tunaamini kuwa bila nyama hakuna mboga ya maana. Mgeni akija na kukuta maharage, tunaona haya. Je, ni kweli maharage ni chakula cha shida? Tuangalie.

Chakula kinachojenga mwili kina kitu kiitwacho protini. Protini ni kama matofali ya nyumba. Tunaipata kwa wanyama: nyama, samaki, mayai na maziwa. Tunaipata pia shambani: maharage, kunde, choroko, mbaazi na karanga.

Sasa tupime. Gramu 100 za nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta zina protini gramu 20 hivi. Maharage makavu ya uzito huo huo yana gramu 21 hivi, na karanga gramu 25. Dagaa wakavu wanawashinda wote, wanapita gramu 50! Lakini tusijidanganye. Maharage yakipikwa hunywa maji na kuvimba, kwa hiyo ukila kijiko kimoja tu na mlima wa ugali, hujala kitu.

Tena matofali haya si ya aina moja. Nyama, mayai na maziwa yana aina zote tunazohitaji. Mahindi yamepungukiwa aina fulani, na maharage yamepungukiwa aina nyingine. Ukiyala pamoja, hiki kinaziba pengo la kile. Bibi zetu waliopika makande walijua walichofanya. Muhogo ndio wenye taabu, maana protini yake ni ndogo mno. Mla ugali wa muhogo aongeze mboga.

Hata hivyo, nyama, samaki na mayai vina vitamini B12, ambayo maharage hayana. Bila hiyo damu hupungua. Madini ya chuma ya kwenye nyama nayo huingia mwilini kwa urahisi zaidi. Basi tusiache kabisa vyakula hivi, hata kama ni dagaa kidogo tu.

Anayeumia zaidi ni mtoto mdogo. Baba anawekewa minofu, mayai yote yanakwenda gulioni, mtoto anapewa uji mtupu. Mwisho anavimba miguu na uso, na watu wanasema amenenepa! Huo ni utapiamlo, na unaua. Mpelekeni zahanati upesi.

Hatusemi msiuze mayai. Chumvi na sabuni zitatoka wapi? Tunasema machache yabaki nyumbani, na mama mjamzito naye ale. Habari za kwamba atazaa mtoto asiye na nywele si kweli.

Mtoto akitimiza miezi 6 aendelee kunyonya, lakini uji wake utiwe karanga au dagaa waliosagwa laini. Dagaa waoshwe mchanga kwanza, wakaushwe. Karanga zenye ukungu zitupwe, maana zinaweza kuwa na sumukuvu, na kuzikaanga hakuimalizi.

Maswali ya kujadili darasani:
Jana nyumbani kwako nani alikula mboga nyingi, na nani kidogo?
Mayai ya wiki hii yamekwenda wapi?