Kupiga Kambi Mlimani kwa Mara ya Kwanza

Likizo ya Desemba yakaribia, na baadhi ya wadogo zetu wa Kidato cha Tatu wamekwisha andika majina yao kwenda kupiga kambi juu ya mlima Masaba, ambao ramani huuita Elgon. Wengi wao hawajapata kulala nje ya nyumba hata usiku mmoja. Kwa kuwa mimi nimekwenda huko mara mbili, nimeombwa kuandika machache juu ya vyombo vifaavyo na namna ya kujitayarisha. Nakubali kwa furaha, lakini sitaandika orodha ndefu kama ile tupewayo siku ya kuingia shule. Mwanafunzi akipewa orodha hukusanya kila kilichoandikwa bila kujua sababu yake, na mara nyingi hukiacha nyumbani kile kimoja chenye maana. Afadhali mjue sababu, kisha mtaweza kuchagua wenyewe, hata mwenye fedha kidogo.

Jambo la kwanza ni baridi. Sisi tukaao karibu na Ikweta twadhani baridi ni habari ya vitabu vya jiografia. Lakini hewa hupoa kadiri mtu apandavyo, na kwa kila meta 1,000 hupungua digrii 6 hivi. Mji wa Mbale uko juu ya bahari kwa meta 1,100 hivi. Kambi ya mto Sasa, ambako watu watokao Budadiri hulala usiku wa kwanza, iko kwenye meta 2,900 hivi, kambi ya pango la Mude kwenye meta 3,500, na kilele cha Wagagai meta 4,321. Haya, fanyeni hesabu. Ikiwa usiku kipimajoto cha Mbale chaonyesha digrii 17, penye pango la Mude hazitasalia hata digrii 3, na upepo bado hatujautia katika hesabu. Usiku ambao anga ni safi, maji yaliyoachwa nje katika sufuria hupata kuganda.

Hata hivyo baridi peke yake haimshindi mtu mkavu. Adui wa kweli ni baridi iliyoshirikiana na maji. Nguo haina moto wake yenyewe. Kazi yake ni kuishika hewa iliyopashwa na mwili isiondoke. Nguo ya pamba ikilowa, mahali pa ile hewa huingia maji, nayo maji huuchukua moto wa mwili upesi sana na kuutupa nje. Kwa hiyo suruali ya jinzi, ambayo naona wengi wanaitamani kwa safari hii ili wapendeze katika picha, ndiyo nguo mbaya kuliko zote. Ni nzito, hunywa maji kama sponji, na haikauki hata kwa siku mbili. Sufu ni tofauti. Hata ikiwa na maji bado huhifadhi joto kiasi. Sweta la sufu si ghali kwa mtu mwenye subira ya kupekua mitumba sokoni. Tazama kitambulisho kilichoshonwa ndani ya shingo, na kama kimekatwa, lishike mkononi: sufu huwasha kidogo na ina uzito wake.

Katika safari yetu ya mara ya pili mvua ilitukuta katikati ya msitu wa mianzi, tukanyeshewa saa mbili nzima. Mwenzetu mmoja alivaa jinzi na fulana ya pamba, na koti lake la mvua lilikuwa limefungwa chini kabisa ya shanta, chini ya sufuria na unga, akaona uvivu kulitoa. Tulipofika kambini alikuwa akitetemeka, nasi tukamcheka. Baadaye aliacha kutetemeka, tukadhani amepata nafuu. Ni yule mzee aliyekuwa akituongoza aliyemwona anahangaika na kamba za viatu vyake bila kuweza kuzifungua, akamwuliza jina la baba yake, naye akajibu kwa maneno yasiyoeleweka, kama mlevi. Mzee hakucheka. Alimvua nguo zote, akamvika nguo kavu za watu wawili, akamtia katikati ya mablanketi pamoja na mwingine mwenye joto, akaamuru chai yenye sukari nyingi ipikwe mara moja. Iliwachukua watu wanne muda wa saa nzima kumrudisha katika hali yake.

Dalili hizo yafaa mzijue kwa moyo, kwa maana mtu anayepoa hajijui mwenyewe. Kwanza hutetemeka. Kisha vidole huwa vizito, hujikwaa, husema ovyo, hutaka kuketi aachwe. Kutetemeka kukikoma hali bado amelowa na baridi ingalipo, hiyo ni hatari kubwa, wala si nafuu. Kinywaji cha moto apewe tu ikiwa yu macho na aweza kumeza. Msimsugue mikono na miguu kwa nguvu. Wala asidanganywe mtu kwamba waragi hutia joto. Pombe hufungua mishipa midogo ya ngozi, mtu akajisikia moto kwa dakika chache huku moto wa ndani ukimtoka.

Basi sheria yangu ya mavazi ni hii moja. Seti moja ya nguo ni ya kutembea, nayo itakubali kulowa. Seti ya pili, yaani soksi, suruali, sweta na kofia ya kufunika masikio, ni ya usiku tu, nayo hukaa ndani ya mifuko miwili ya nailoni iliyofungwa vizuri. Asubuhi mtu huvaa tena zile mbichi, ingawa ni uchungu kweli, wala asijaribiwe kuvaa zile kavu kwa safari. Koti la mvua hukaa juu kabisa ya shanta.

Sasa kulala. Karibu kila mtu hufikiri habari ya kujifunika, na ni wachache wafikirio habari ya kutandika. Lakini blanketi ulilolilalia hubanwa na uzito wako, hewa yote hutoka, nalo huwa kama kitambaa kitupu. Ardhi nayo hunyonya joto la mwili usiku kucha. Mwenye mablanketi matatu atalala vizuri zaidi akitandika moja na nusu kuliko akijifunika yote. Kuna mikeka myepesi ya povu gumu ambayo hukunjwa kama karatasi na hainywi maji, na kama mtu anacho kitu cha kununua kimoja tu, anunue huo. Asiyeweza, asidharau mkeka wetu wa mafunjo. Ndani ya funjo mmejaa vijitundu vya hewa, nayo hewa ndiyo tunayoitaka. Utandike juu ya nailoni usinyonye unyevu wa ardhi. Kipande cha godoro la sponji nacho chafaa, bali kikilowa mara moja ni mzigo wa bure, kwa hiyo kivikwe nailoni pande zote.

Asiye na mfuko wa kulalia aweza kuutengeneza kwa mablanketi mawili. Tandaza la kwanza, weka la pili juu yake likivuka nusu upande mmoja, kunja nusu hizi kwa zamu moja juu ya nyingine, halafu kunja upande wa miguu na ufunge kwa pini kubwa. Hakuna upepo utakaoingia, na usiku mtu hajifunui.

Juu ya hema sina mengi. Hema dogo la watu wawili au watatu ni bora kuliko kubwa, maana hupata joto upesi na hubebwa na mtu mmoja. Mambo ya kutazama ni mishono na sakafu. Hema la turubai la zamani ambalo mishono yake huvuja laweza kutibiwa kwa kusugua nta ya mshumaa juu ya mishono ingali mikavu. Vigingi vihesabiwe kabla ya kuondoka. Nyumba ya hema isifungwe kabisa usiku, ijapokuwa baridi ni kali, kwa sababu pumzi ya watu watatu hugeuka matone ya maji juu ya kitambaa, na alfajiri huwaangukia kama mvua. Zamani vijana walikata miti ya kusimamishia mahema na kuchimba mifereji kuyazunguka. Tangu 1993 upande wetu wa mlima ni hifadhi ya taifa, na mambo hayo hayaruhusiwi. Tafuteni mahali palipoinuka kidogo, maji yatapita yenyewe.

Nasema neno hili kwa nguvu zangu zote: jiko la mkaa lisiingizwe hemani kamwe, hata kwa dakika tano za kupasha mikono. Mkaa unaoungua bila hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi wala moshi. Mtu huona usingizi mtamu, na haamki. Hata katika nyumba za matofali sumu hii huua watu, sembuse hema lililofungwa. Pikeni nje, chini ya turubai lililoinuliwa ikiwa mvua yanyesha.

Katika chakula, mlima una hila moja ambayo mwalimu wetu wa fizikia ataifurahia. Kadiri hewa inavyopungua uzito, ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Kila mkipanda meta 300 hivi mwapoteza digrii moja. Penye pango la Mude maji huchemka kwenye digrii 88 hivi badala ya 100. Yatatokota mbele ya macho yenu, nayo maharagwe yatabaki magumu kama kokoto mpaka mafuta ya taa yaishe. Kwa hiyo maharagwe yakae nyumbani. Chukueni unga wa ugali, mchele, mukene zilizokaangwa tayari, karanga za kusaga, sukari, majani ya chai, na chapati za siku ya kwanza. Wenzetu wa Bugisu watauliza habari ya malewa, na mimi nayapenda sana, lakini nayo yataka moto mrefu. Yaliwe Budadiri kabla ya kupanda au baada ya kushuka. Maji ya kunywa yachemke kwa dakika tatu kamili huko juu, si kutazamwa yakitoa povu na kuepuliwa. Viberiti vigawanywe kwa watu watatu tofauti, kila kimoja ndani ya kopo lenye kifuniko.

Wepesi wa mzigo ni elimu peke yake. Mvulana asibebe zaidi ya robo ya uzito wa mwili wake. Mwenye kilo 56 mwisho wake ni kilo 14, na lita moja ya maji peke yake ni kilo moja. Pimeni shanta kwenye mizani, msikisie. Vitu vizito vikae karibu na mgongo, si chini wala nje. Sufuria mbili zatosha watu wanne. Panga moja latosha kundi zima, na wale wanaotaka kila mmoja awe na lake najua wanataka kuvaa ushujaa kiunoni. Tochi ya kufunga kichwani ni bora, maana mikono hubaki huru, na betri zake zilale pamoja nawe katika blanketi, kwani baridi huzidhoofisha. Simu ya mtu yeyote isihesabiwe kuwa taa.

Viatu vipya havifai hata vikiwa ghali. Kivae kiatu majuma mawili kabla ya safari, kwenda shambani na mtoni, mpaka kikujue. Katika tope la mianzi mabuti ya mpira yasaidia, nao wapagazi wengi huyavaa. Lakini lazima soksi ziwe nene, na jozi moja ya akiba iwe ndani ya ule mfuko wa usiku.

Mlimani huwezi kwenda bila kibali cha ofisi ya hifadhi na mwongozaji wake, na neno la mwongozaji lishinde la kila mtu, pamoja na viongozi wa bweni. Mtu akiumwa kichwa sana huko juu na kutapika, asipande tena. Akizidi kuugua, dawa ni kumshusha siku ile ile.

Mwisho wa yote, vyombo vijaribiwe hapa shuleni. Jumamosi mbili kabla ya kufunga shule, wote walioandika majina watalala katika mahema yao nyuma ya uwanja wa mpira, wakivaa na kutandika vile vile watakavyofanya Sasa, na chakula chao wajipikie. Kaka zetu waliomaliza hapa, walio na masweta ya sufu au mifuko ya kulalia isiyotumika, wanaombwa kuyaazima kwa njia ya ofisi ya shule. Kila kitu kitaandikwa jina na kurudishwa kimefuliwa. Usiku huo wa majaribio, kama hakuna mvua, sisi wa Kidato cha Sita tutapita saa nane na ndoo za maji kuyamwagia mahema.