MOSHI NI KUNI AMBAZO HAZIKUUNGUA
(Somo juu ya moto wa nyumbani katika milima ya Kivu)



Wengi kati yetu tunatoka milimani: Lubero, Masisi, Kabare, Walungu na kwingine. Mahali panapopita metre 2.000 juu ya bahari, usiku baridi inaweza kushuka mpaka karibu degre 10, na wakati wa mvua nguo zinakaa siku mbili bila kukauka. Kule moto haiko kazi ya kupika tu. Ni moto ule ule unaoivisha maharagi, unaokausha nguo na unaopasha nyumba moto ili watoto walale. Kwa hiyo inafaa tuujue vizuri. Tunajifunza kemia na fizika darasani, lakini tukifika nyumbani tunawasha moto kama mtu ambaye hakusoma hata siku moja.

Katika somo hili tunataka kuonyesha jambo moja: moto usio na moshi na moto usiokula kuni nyingi ni moto mmoja. Haziko kazi mbili. Anayetafuta kulinda macho na kifua cha mama yake, anapunguza pia mzigo wa kuni mgongoni mwake.

1. KUNI INAUNGUA NAMNA GANI?

Watu wengi wanawaza kwamba moto unakula ubao wenyewe. Haiko hivyo. Kuni inapita katika hatua tatu.

a) Kwanza inakauka. Maji yaliyo ndani yake yanatoka kama mvuke, karibu degre 100. Wakati huo kuni haitoi joto, inakula joto.

b) Kisha, kutoka degre 200 ao 300 hivi, ubao unaanza kuvunjika na kutoa gazi. Ndimi za moto tunazoziona ni gazi hizo zinazoungua juu ya kuni. Zaidi ya nusu ya nguvu yote ya kuni iko ndani ya gazi hizo.

c) Mwisho yanabaki makala, nayo yanawaka mekundu bila ndimi.

Sasa tuangalie vizuri hatua ya pili. Ili gazi ziungue zote zinaomba mambo mawili: hewa ya kutosha, na joto kali, karibu degre 600. Zikikosa moja, zinapanda juu bila kuungua. Zikifika mahali pa baridi zinakuwa matone madogo sana na masizi. Hiyo njo tunayoita moshi.

Wazee wanasema: Pafukapo moshi pana moto. Ni kweli. Lakini jikoni tuongeze neno: panapofuka moshi mwingi, moto ni mgonjwa. Moshi ni kuni ambazo hazikuungua. Tulizitafuta mbali, tulizibeba kwa kichwa ao tulizinunua kwa franka, na sasa tunaziacha zitoke kwa dirisha, kisha zipitie ndani ya mapafu yetu.

2. HESABU YA KUNI MBICHI

Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Kuni iliyokauka vizuri hewani inabaki na maji 15 ao 20 juu ya 100. Tufanye hesabu ya kilo 10 za kuni mbichi, yaani kilo 5 za maji na kilo 5 za ubao mkavu.

Kupasha kilo 5 za maji kutoka degre 20 mpaka 100: 5 x 4,2 x 80 = 1.680 kilojuli.
Kuyageuza mvuke: 5 x 2.260 = 11.300 kilojuli.
Jumla: karibu 13.000 kilojuli.

Kilo 5 za ubao mkavu zinatoa karibu 90.000 kilojuli. Basi sehemu moja juu ya saba inapotea kwa kukausha kuni tu. Kuchemsha litri moja ya maji kutoka degre 20 kunaomba 336 kilojuli. Kwa nguvu ile iliyopotea tungechemsha litri 38!

Na hasara haiishi hapo. Mvuke ule unapoza moto, gazi hazifiki degre zinazohitaji, na moshi unazidi. Mtu anapuliza, anapuliza, macho yanatoka machozi, sufuria haitokoti.

Dawa yake haiombi pesa. Tupasue kuni ndogo-ndogo, zipate unene wa kiganja cha mkono ao chini yake. Tuzipange chini ya paa, juu ya mawe ao vijiti ili zisiguse udongo, na upepo upite kati yake. Tukate wakati wa kiangazi, tutumie baada ya miezi. Miezi sita ni mizuri. Utajua namna gani kama zimekauka? Zinapasuka kwenye ncha, ganda linaachia, ukigonganisha mbili zinalia kwa sauti kali, hazitoi sauti ya kufa. Na kama ndani ya moto maji yanatoka mapovu kwenye ncha, kuni hiyo ingali mbichi, iondoe.

3. MAFIGA MATATU NA JIKO LILILOFUNGWA

Mafiga matatu yana sifa yake: hayaombi kitu, na yanabeba sufuria ya kila kipimo. Lakini upepo unaingia toka pande zote, unapoza ndimi kabla gazi hazijamaliza kuungua. Kwa kawaida nguvu 10 mpaka 15 tu juu ya 100 zinaingia ndani ya sufuria. Mtu atasema: "Hapana neno, joto linalobaki linapasha nyumba." Sehemu yake, ndiyo. Lakini sehemu kubwa inapanda na moshi, na ili tusife kwa moshi tunafungua mlango, na baridi inaingia. Tunapasha moto mlima, si nyumba.

Watu wa inchi nyingi walihangaika na jambo hili. Marekani, mnamo 1742, Benjamin Franklin alitengeneza jiko la chuma la kupasha nyumba, naye akakataa kulifanya mali yake peke yake, ili kila mtu aweze kuliiga. Urusi na Ufini, ambako baridi inaua, watu wanajenga tangu zamani majiko makubwa ya matofali: wanawasha moto mkali kwa muda mfupi, mara moja ao mbili kwa siku, kisha matofali yanatoa joto polepole usiku kucha. Guatemala, baada ya tetemeko la 1976, watu walianza kujenga majiko ya udongo na mchanga yenye bomba la moshi. Na mnamo 1982 Mmarekani Larry Winiarski alipanga kanuni za jiko dogo lenye koo iliyosimama, ambalo linaunguza vijiti karibu bila moshi.

Tukikusanya mafundisho hayo, jiko zuri la kuni lina mambo haya:

- Mdomo mdogo, wa kuingiza ncha za kuni tu. Kuni zinalala juu ya kipande cha chuma ao kigae, na hewa inapita chini yake mpaka kwenye makala.
- Koo iliyosimama juu ya moto, iliyofungwa pande zote. Humo ndimi zinabaki na joto, na gazi zinamaliza kuungua kabla ya kugusa sufuria. Sufuria ni baridi. Ikikaa karibu mno na moto inazima ndimi na kujaa masizi.
- Sufuria iliyoshuka ndani ya jiko, na nafasi ndogo kando-kando yake, kama upana wa kidole, ili hewa ya moto iilambe.
- Bomba la moshi linalopita juu ya paa.

Juu ya bomba hilo tuangalie sana. Mahali linapopita ndani ya paa ya manyasi, moto unaweza kushika nyumba nzima. Tuweke manjanja na udongo kulizunguka, manyasi yakae mbali. Tena, anayeunguza kuni mbichi atakuta ndani ya bomba lami nyeusi. Lami hiyo inaweza kuwaka siku moja. Basi tusafishe bomba mara kwa mara.

Je, kuta za jiko ziwe nene ao nyembamba? Inategemea kazi. Udongo mnene na mawe yanakula joto kwanza, kisha yanalirudisha polepole. Kwa chai ya asubuhi ya mbio-mbio, hiyo ni hasara. Kwa nyumba ya Lubero saa mbili ya usiku, ni faida. Kwa hiyo mtu wa milimani anaweza kujenga jiko nene kando ya ukuta wa chumba: apike chakula cha jioni kwa moto mkali, aache moto uzime, na ukuta ubaki na joto wakati watoto wanalala. Kuacha gogo lifuke moshi usiku kucha ni kula kuni nyingi kwa joto kidogo.

4. WANAOTETEA MOSHI

Kuko wazee wanaosema: "Moshi inafukuza mbu. Moshi inatunza manyasi ya paa." Tusiwacheke. Ni kweli kwamba moshi unazuia wadudu wanaokula manyasi. Lakini tupime kwa mizani. Shirika la Afya Duniani, OMS, linahesabu kwamba mnamo 2020 hewa chafu ya ndani ya nyumba iliua watu karibu 3.200.000 duniani, na kati yao watoto zaidi ya 237.000 walikuwa hawajatimiza miaka mitano. Moshi unasaidia ugonjwa wa mapafu ya watoto, na kikohozi kisichopona cha mama zetu. Manyasi yakioza tunakata mengine. Kwa mbu tuko na chandarua.

5. MBABULA NDANI YA CHUMBA: HATARI YA KUFA

Hapa tunaomba kila mtu asome pole-pole.

Makala hayatoi moshi sababu gazi zake zilikwisha kutoka ndani ya tanuru. Watu wanaona mbabula haifuki, wanawaza ni safi. Usiku wanaiingiza katika chumba cha kulala, wanafunga mlango na dirisha juu ya baridi. Lakini makala yanayokosa hewa yanatoa monoksidi ya kaboni. Gazi hiyo haina rangi, haina harufu, haiumizi macho. Inashika hemoglobini ya damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inatembea, lakini haibebi tena oksijeni. Aliyelala haamki.

Alama zake: kichwa kuuma, kizunguzungu, kutaka kutapika, miguu kuregea. Ikiwa watu wawili ao watatu wa nyumba moja wanasikia hivyo pamoja karibu na moto, tusiseme kwamba wamerogwa ao wamelishwa sumu. Tuwatoe nje mbio kwenye hewa safi, tufungue yote, tuwapeleke hospitali. Na tukiingia kumtoa mwenzetu, tufungue mlango na dirisha kwanza, tusibaki ndani.

Kwa hiyo hapana kuingiza mbabula katika chumba cha kulala, wala nyumbani wala internati, hata kama makala yamebaki mekundu kidogo tu. Anayesikia baridi achukue tofali ao jiwe kavu lililokaa karibu na moto, alifunge ndani ya kitambaa kizito, aliweke miguuni. Tofali haitoi gazi.

6. MITI YETU

Katika tanuru ya udongo, kilo moja ya makala inaomba mara nyingi kilo 6 mpaka 10 za kuni. Zaidi ya nusu ya nguvu ya mti inabaki kule porini kama moshi. Kati ya 1994 na 1996, wakati kambi za wakimbizi zilipokuwa karibu na Goma, miti mingi ya Virunga ilikatwa kwa kupikia. Virunga ni mbuga iliyoanzishwa mnamo 1925. Na mnamo Julai 2007 gorila wa mlimani waliuawa humo, na biashara ya makala ilitajwa kuwa chanzo. Hatuwezi kumwambia mama asipike. Lakini tunaweza kupanda mikaratusi ao gereveria kwenye mipaka ya shamba, na kuunguza kuni kavu katika jiko linalomaliza moshi wake.

MASWALI

1. Kwa nini kuni mbichi inatoa moshi mwingi? Toa sababu mbili.
2. Fanya hesabu ya namba 2 kwa kilo 10 za kuni zenye maji kilo 2. Linganisha.
3. Mbabula haina moshi. Je, ni salama ndani ya chumba? Eleza kwa kutumia neno hemoglobini.
4. Kazi ya likizo: Pima kipande cha kuni mbichi, kikaushe chini ya paa, ukipime tena kila juma mpaka uzito usishuke tena. Leta namba zako darasani.

Anayerudi kwenye mji wake kwa likizo asiende kufundisha mama yake kwa maneno marefu. Apasue kuni, azipange chini ya paa, atoe mbabula chumbani. Mama ataona mwenyewe.