Kihisi cha Oksijeni kwenye Gari la Kujiundia: Kazi Iko kwenye Waya

Mwaka 1957 kampuni ya Lotus ya Uingereza ilianza kuuza gari dogo la viti viwili, Lotus Seven, ambalo mnunuzi angeweza kulichukua likiwa vipande akaliunganisha mwenyewe nyumbani. Sababu mojawapo ilikuwa kodi: gari lililokamilika lilitozwa, vipande havikutozwa. Mwaka 1973 kampuni ya Caterham ilichukua haki za gari hilo, na mpaka leo watu wanaunda magari ya umbo lile lile kwenye mabanda yao. Kilichobadilika ni injini. Pale palipokuwa na kabureta sasa pana nozeli na kompyuta, na kompyuta hiyo haiwezi kupima petroli vizuri bila kihisi cha oksijeni, kile ambacho gereji nyingi hukiita oksijeni sensa.

Fundi wa Dar es Salaam au Nairobi anayepachika injini ya mtumba kutoka Japani kwenye gari lililozaliwa na injini nyingine anakutana na maswali yale yale: nitoboe wapi, waya nizipitishe wapi, ethi nifunge wapi? Kihisi chenyewe kinafungwa kwa spana moja. Kinachowasumbua wengi ni njia ya waya.

Kinapima nini

Petroli huungua barabara pale kilo moja inapokutana na kilo 14.7 za hewa. Kihisi hukaa ndani ya ekzosi na kulinganisha oksijeni iliyobaki kwenye moshi na ile ya hewa ya nje. Kile cha kawaida hutoa takribani volti 0.9 petroli ikizidi, na takribani volti 0.1 hewa ikizidi. Mpaka uko kwenye volti 0.45. Bosch ndiyo iliyokiingiza sokoni, na mwaka 1976 kikafungwa kwenye magari ya Volvo yaliyopelekwa Marekani.

Tazama udogo wa namba hizo. Taarifa yote ambayo kompyuta inaitegemea haifiki hata volti moja, nayo inapita kwenye waya mwembamba kando ya bomba la moto, ndani ya gari linalotumia volti 12 na zaidi kwa kila kitu kingine. Hitilafu ndogo ya umeme isiyozima hata taa inatosha kukifanya kihisi kiseme uongo.

Pa kutoboa

Kwenye magari ya aina ya Seven, mabomba manne ya injini hutokeza ubavuni mwa boneti, kisha huungana kuwa moja. Ukitoboa bomba moja kabla ya maungio, utasikia habari za silinda moja tu. Toboa baada ya yote manne kukutana, lakini kabla ya katalaiza, lile sega linalosafisha moshi. Kama injini ina turbo, kaa nyuma ya turbo, maana presha na joto la mbele yake huharibu kipimo na kukifupishia kihisi maisha.

Usikilaze kihisi wala usikiweke chini ya bomba. Injini inapoamka ikiwa baridi, maji hujikusanya ndani ya ekzosi, na tone moja likigonga udongo wa kauri uliokwisha kupata moto, kauri hupasuka. Fikiria bomba kama uso wa saa ukutani: kihisi kikae kati ya namba 10 na namba 2, ncha yake ikitazama chini, mkia wa waya ukitazama juu.

Nati ya kuchomelea ni ya uzi wa M18 x 1.5. Unapochomelea, toa kihisi kizuri pembeni na ufunge kihisi kibovu au bolti ya uzi huo, ili joto lisipindishe nati. Kisha funga kihisi kwa spana ya 22 kwa nguvu ya takribani Nm 45. Vihisi vipya vingi huja na grisi maalumu kwenye uzi. Ukiongeza nyingine, isiguse ncha. Silikoni ya kawaida ya kuzibia gasketi nayo ni sumu kwa kihisi, kwa hiyo tumia ile iliyoandikwa kwamba haidhuru vihisi.

Kagua pia kila gasketi iliyo mbele ya kihisi. Tundu dogo kwenye maungio huvuta hewa ya nje kati ya mipigo ya moshi. Kihisi kitaona oksijeni nyingi, kompyuta itadhani petroli ni kidogo na kuongeza, nawe utabaki unatafuta kosa kwenye nozeli ambazo hazina kosa.

Waya zipi ni zipi

Kihisi cha waya nne kina waya mbili za hita, moja ya taarifa na moja ya ethi ya taarifa. Kwenye vihisi vingi vya Bosch, nyeupe mbili ni za hita, nyeusi ni taarifa na kijivu ni ethi yake. Kwenye vihisi vya Denso vilivyozoeleka katika magari ya Toyota, nyeusi mbili ni za hita, buluu ni taarifa na nyeupe ni ethi yake. Angalia mtego: nyeusi ya huku ni taarifa, nyeusi ya kule ni hita. Anayeunga kwa kufuata rangi bila kuuliza kihisi ni cha nani atapeleka volti 12 mahali panapotarajia chini ya moja.

Kile cha kupima kwa upana, kama Bosch LSU 4.9, kina waya tano lakini soketi yake ina pini sita. Ndani ya soketi hiyo mna rezista iliyopimwa kiwandani kwa ajili ya kihisi hicho kimoja. Ukiikata soketi ili kufupisha waya, umetupa vipimo vyake. Waya ukiwa mrefu, kunja. Ukiwa mfupi, nunua waya wa kuongeza wenye soketi zake.

Hita ipewe fyuzi yake, na umeme wake utoke kwenye rilei inayowasha pampu ya petroli, ili isipate moto injini ikiwa imezimwa. Na usiendeshe injini kihisi kikiwa kimefungwa lakini hita haina umeme: masizi yatakifunika.

Ethi, adui wa kimyakimya

Magari mengi ya kujiundia yana bodi ya faiba, na faiba haipitishi umeme. Chasisi nayo mara nyingi imepakwa rangi ngumu ya unga. Fundi aliyezoea gari la bati hufunga ethi kwenye bolti yoyote iliyo karibu. Hapa bolti hiyo huenda haijagusana na chuma kabisa.

Tufanye hesabu. Hita inavuta ampea 1. Umeifunga ethi ya hita pamoja na ethi ya taarifa kwenye bolti iliyokaa juu ya rangi, yenye ukinzani wa oma 0.2. Zidisha: volti 0.2 zinabaki pale kwenye bolti. Kihisi kikitoa 0.35, yaani hewa imezidi, kompyuta inasoma 0.55, yaani petroli imezidi. Inapunguza petroli wakati ilipaswa kuongeza. Injini inakosa nguvu na kupata moto, na kihisi kinalaumiwa bure.

Dawa ni kutenganisha. Ethi ya taarifa irudi moja kwa moja kwenye pini yake ya kompyuta. Ethi ya hita ifuate mchoro wa kompyuta yako, kwa sababu nyingine huiwasha hita kwa upande wa ethi. Ethi zote za chasisi zikwaruzwe mpaka chuma king'ae, na waya mnene uunge injini, chasisi na betri.

Njia ya waya

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Kwenye ekzosi, njia fupi ndiyo inayokifanya kihisi kiwe mwongo. Waya uliokatiza juu ya bomba utaonekana umekaa vizuri siku ya kufunga. Wiki chache baadaye ganda lake limelainika, nyuzi zimegusa chuma, na fyuzi ya hita imekatika.

Toka kwenye kihisi ukipanda juu na kwenda mbali na bomba. Acha angalau sentimita 10 kati ya waya na ekzosi, na pale isipowezekana vika waya mfuko wa kuzuia joto pamoja na kipande cha bati katikati. Acha ulegevu kidogo karibu na kihisi, kwa sababu injini hucheza juu ya mipira yake na ekzosi hucheza nayo. Waya uliokazwa utang'oka. Kisha ufunge kwenye chasisi, si kwenye bomba, kila baada ya sentimita 15 hadi 20.

Unapotoboa bati kuingia ndani ya gari, weka mpira kwenye tundu. Kabla ya tundu, shusha waya kidogo kisha uupandishe, ili maji ya mvua yadondoke badala ya kufuata waya mpaka kwenye kompyuta. Jitenge na koili za plagi na waya mnene wa altaneta. Ukilazimika kuzivuka, vuka kwa kukata msalaba, usitembee nazo sambamba.

Unapounga, bana terminali kwa koleo lake badala ya kulehemu. Vihisi vingi hupata hewa ya kulinganishia kupitia nafasi ndogo kati ya nyuzi za waya. Risasi na grisi huziba nafasi hizo.

Pima kabla ya kulaumu

Injini ikiwa baridi na soketi ikiwa wazi, pima hita: kwenye aina nyingi utapata kati ya oma 3 na 20. Usipime oma kwenye waya wa taarifa, kwani umeme wa mita unaweza kukidhuru kihisi. Washa injini, ipate moto, kisha weka mita ya kidijitali kwenye taarifa na ethi yake. Kihisi cha kawaida kilicho hai hakitulii: namba hupanda kuelekea 0.8 na kushuka kuelekea 0.2, tena na tena. Mwisho, hita ikiwa inafanya kazi, pima volti kati ya ethi ya taarifa na pini ya ethi ya kompyuta. Inapaswa kukaribia sifuri.

Nchini Uingereza, gari la petroli lenye katalaiza hupimwa moshi injini ikizungushwa kwa kasi, na kipimo cha lambda, yaani uwiano wa hewa kwa petroli ukigawanywa kwa ile 14.7, hutakiwa kiwe kati ya 0.97 na 1.03. Nafasi hiyo ni finyu, na ethi mbovu pekee inatosha kulitoa gari nje yake. Kwa hiyo kabla hujanunua kihisi kingine, na kabla hujagusa programu ya kompyuta, lala chini ya gari ukiwa na tochi na mita, uufuate waya kwa mkono kutoka kwenye ekzosi mpaka kwenye kompyuta.